Kula bila nyama: faida yake, na hatari ambayo haionekani katika sahani



Mara iliyopita tuliongea juu ya nafasi kati ya mistari ya karanga. Leo natoka shambani kidogo, naingia jikoni. Najua wengine watasema agronomu ametafuta kazi ya wenyewe, maana chakula ni mambo ya muganga na ya wamama. Lakini kile kinachoiva katika sufuria ni kile tulichopanda, na tukipanda vibaya hakuna muganga atakayerekebisha.

Sababu ya kuandika ni ulizo moja. Katika mkutano upande wa Kabambare, mama mmoja alisimama, akasema: « Agronomu, jirani yangu ni Muadventista. Yeye ameacha nyama kwa kupenda kwake, na ana nguvu, anaenda soko na kurudi kwa miguu. Mimi sikule nyama tangu Noeli, juu ya kukosa faranga. Mtoto wangu amevimba miguu. Kama kuacha nyama ni muzuri, kwa nini kwake iko muzuri na kwangu hapana? »

Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza. Mimi nikajibu mambo ya vitamini, haraka haraka, na nikaona usoni mwake kwamba sikumjibu. Njo maana nimekaa chini kuandika vizuri zaidi.

Si wote wasiokula nyama wanaokula sawasawa

Jambo la kwanza: tukisema « fulani hakuli nyama » hatujasema bado anakula nini. Kuna mtu anayeacha nyama ya miguu minne na kuku, lakini samaki anakula. Kuna anayeacha nyama na samaki, lakini anakunywa maziwa na kula mayai. Kuna anayeacha vyote vinavyotoka kwa mnyama, hata maziwa, hata yai. Na kuna mwingine, huyu ni wengi wetu, ambaye hajaacha kitu chochote: anakula nyama siku ya Idi, siku ya Noeli, siku ya matanga, na siku zingine anakula bugali na sombe kwa sababu ndicho kilichopo. Wakatoliki wanafunga nyama siku za Kwaresima. Waislamu wa Kasongo wanafunga mchana wa Ramadhani, lakini magharibi wanaweza kula nyama na samaki. Waadventista wengi wanaacha nguruwe na samaki asiye na magamba kama kambale, na baadhi yao wanaacha nyama yote.

Hawa wote hawana hatari moja. Jirani wa yule mama, nilipouliza, ana mayai ya kuku wake, anapika maharagi karibu kila siku, ana avoka mbili nyuma ya nyumba, na karanga zake haziuzwi zote. Yule mama alikuwa na bugali ya mihogo asubuhi na jioni, sombe bila karanga, chumvi na mawese kidogo. Jirani amechagua. Mama amekosa. Tofauti iko hapo, si katika nyama.

Faida ipo, tusidanganye

Waadventista wa Marekani na Kanada wamechunguzwa miaka mingi na chuo chao cha Loma Linda, katika California. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulifuata watu zaidi ya 73,000 kwa muda wa karibu miaka sita. Wale wasiokula nyama, ukiwahesabu wote pamoja, walikufa kidogo kuliko wala nyama: tofauti ilikuwa asilimia 12. Ugonjwa wa sukari na tension ya damu vilikuwa vichache kwao pia. Hiyo inaeleweka. Maharagi, majani na matunda vina nyuzi ambazo nyama haina, vina mafuta mabaya kidogo, na mtu anashiba bila kunenepa ovyo.

Lakini tazameni ni watu gani. Wengi wao wanakula mayai na maziwa, wana duka karibu, wananunua chakula kilichoongezwa vitamini, na mgonjwa anapimwa damu siku hiyohiyo. Mtu asichukue matokeo ya kule akayabandika kwenye sahani ya huku.

Nasi tuko na mali. Mawese mekundu yana ule unga wa rangi unaogeuka vitamini A mwilini, ile inayolinda macho na kumsaidia mtoto kupigana na surua. Ukiyachemsha mpaka yawe meupe, kama wengine wanavyopenda kwa ajili ya kukaanga, umeitupa. Sombe lina protini nyingi kwa jani: gramu karibu 7 katika gramu 100 za jani bichi. Lengalenga, matembele, majani ya maboga, vyote ni vizuri. Tena tuko na mchele, ambao ulifika hapa na watu wa pwani katika karne ya 19 ukapata makao kando ya Lualaba. Mchele ukikutana na maharagi, kile kinachokosekana katika kimoja kinapatikana katika kingine: maharagi yanaleta kipande cha protini ambacho mchele hauna cha kutosha, na mchele unalipa deni la maharagi. Si lazima viwe katika sahani moja, ila siku moja inatosha.

Hesabu ya bugali

Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji protini karibu gramu 50 kwa siku. Unga wa mihogo, katika gramu 100, hauna hata gramu 2. Basi mtu akila nusu kilo nzima ya unga, na hiyo ni bugali kubwa sana, amepata gramu 8, labda 10. Tumbo limejaa, lakini mwili bado una njaa. Sasa gramu 100 za maharagi makavu zina gramu 22 hivi, karanga 25, soya 36. Yai moja lina gramu 6. Kikombe kimoja cha maharagi makavu jioni kinafanya kazi ambayo bugali haitafanya hata ukila mpaka usiku wa manane.

Kwa hiyo nasema wazi: mihogo ni chakula cha nguvu ya kulima, hakina kosa, kimetuokoa wakati wa vita na wa kukimbia. Lakini mihogo peke yake si chakula cha mtu asiyekula nyama.

Mihogo michungu na miguu

Hapa naomba msome polepole, kwa sababu jambo hili linavunja maisha ya mtu kwa siku moja.

Mihogo michungu ina sumu, sayanidi. Wazee waliijua kabla ya sisi kwenda shule: njo maana tunalowesha. Mwili wa mtu pia unajua kuitoa, lakini unaitoa kwa kutumia kiberiti kilicho ndani ya protini. Kiberiti hicho kiko kwa wingi katika nyama, samaki na mayai, kiko pia katika ufuta, mahindi, mchele, na kidogo katika maharagi. Katika mihogo hakiko hata cha kutosha kujilinda wenyewe. Basi anayekula mihogo michungu isiyoloweshwa vizuri, na hana kingine kando yake, anaingiza sumu kila siku na hana kitu cha kuitoa.

Matokeo yake yanaitwa konzo. Mganga Trolli aliiandika mwaka 1938 katika Kwango, na jina ni la lugha ya Kiyaka: maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka, au anarudi tu kutoka shambani, na miguu yote miwili imekakamaa. Haizidi baadaye, lakini haiponi. Inawashika sana wanawake wenye umri wa kuzaa, na watoto kuanzia miaka mitatu hivi. Mwaka 1981, huko Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walishikwa. Kwetu Kongo, Popokabaka na Kahemba wameteseka miaka mingi. Na tusiseme ni mambo ya mbali: waganga wameandika juu ya wagonjwa wa konzo huko Burhinyi, Kivu ya Kusini, baada ya vita.

Angalieni sababu, maana zote tuko nazo. Vita vinafukuza watu kwenye mashamba, wanachimba haraka na kulowesha usiku mmoja. Machimbo yanataka unga mwingi, na mfanyabiashara hangoji siku nne. Wakati wa kiangazi mto unakauka. Na michungu tunaipanda kwa akili: nguruwe wa pori, nyani na mwizi hawaipendi. Sisi agronomu tuna sehemu yetu pia. Tumeleta vijiti vinavyovumilia mozaiki, tumepima kilo kwa hekta, lakini ni mara chache tumeuliza, « Uchungu wake je? »

Basi tufanye hivi. Mihogo michungu imenywe, iingie majini siku tatu kamili bila kupunguza, nne kama maji ni ya baridi, mpaka ukiibonyeza kwa kidole inavunjika. Kisha jua. Ukiwa na shaka juu ya unga ulionunua, kuna njia ambayo Profesa Bradbury wa Australia aliitengeneza, na iko rahisi sana. Weka unga katika beseni, uusawazishe, weka alama mahali unapofika. Mimina maji ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika kwenye alama tena, acha maji. Tandaza huo unga wenye maji juu ya mkeka safi, unene usizidi sentimeta moja. Uache saa mbili juani, au saa tano kivulini. Sumu inapanda na kwenda na hewa. Pika bugali siku ileile, usiulaze. Katika kijiji kimoja cha Popokabaka wamama walifundishwa njia hii mwaka 2010, wakaifuata zaidi ya mwaka mzima, na hakuna mtu mpya aliyeshikwa na konzo.

Sombe pia lina sumu hiyo. Kulitwanga sana na kulichemsha sufuria ikiwa wazi kunaitoa. Wale wanaolikatakata kwa kisu na kulifunika haraka ili kuokoa kuni wanaokoa kitu kidogo na kuacha kitu kikubwa.

Tena sumu hiyohiyo, hata ikiwa kidogo, inazuia iodi kufanya kazi, na shingo inavimba. Watu wa kisiwa cha Idjwi wanalijua sana jambo hilo. Nunueni chumvi yenye iodi, na muitie mwishoni mwa kupika.

Kile ambacho jani halina

Kuna vitamini moja, B12, ambayo hakuna mti, jani wala mbegu inayoitengeneza kwa kutosha. Iko katika nyama, maini, samaki, mayai na maziwa tu. Mwili unaweka akiba kwa miaka, kwa hiyo anayeacha vyote leo haoni kitu leo. Baadaye damu inapungua, nyayo zinakufa ganzi, kichwa kinasahau. Mama mwenye mimba ambaye hana, mtoto wake anazaliwa bila akiba. Huko Ulaya wanaoacha vyote vya wanyama wanameza kidonge. Huku kidonge hicho hakipatikani katika duka la kijiji. Mimi siingii katika imani ya mtu, lakini yeyote anayetaka kuacha nyama kwa dini au kwa afya, namwomba abaki na mayai. Na asiye na faranga ya nyama, ndagala kidogo zinazotoka Tanganyika, zikitwangwa na kutiwa katika sombe mara mbili tatu kwa juma, zinaleta B12, kiberiti, na chokaa ya mifupa kwa mara moja. Unga wa ndagala unaolingana na kijiko si kitu cha aibu. Mtu asiseme ni chakula cha kimasikini. Viwavi na kumbikumbi wakati wake, vilevile.

Chuma cha damu kiko katika maharagi na majani, lakini mwili unakivuta kwa shida. Ndimu ikikamuliwa juu ya sombe, au chungwa, pera, papai baada ya kula, inasaidia kukivuta. Chai na kahawa zinafanya kinyume. Ngojeni saa moja au mbili kabla ya kunywa.

Mtoto si mtu mzima mdogo

Miezi sita ya kwanza ni ziwa la mama tu, hata maji hapana. Baada ya hapo, mambo yanaharibika. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo kama ngumi yake, nasi tunalijaza uji wa mihogo mwepesi kama maji. Anashiba, analala, anavimba miguu, nywele zinakuwa nyekundu. Mwaka 1933 mganga Cicely Williams aliandika juu ya ugonjwa huo huko Ghana, na mwaka 1935 akautaja kwa jina la wenyeji, kwashiorkor: ugonjwa unaompata mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Wenzetu wa Kivu wanauita bwaki. Aliyevimba miguu pande zote mbili hatibiwi kwa maharagi nyumbani. Apelekwe kwenye kituo cha afya leo, si siku ya soko.

Mama yule nilimwambia hilo tu kwa uhakika, na alienda.

Kwa wasiougua bado, changanyeni vikombe vitatu vya unga wa mahindi, mtama au mchele na kikombe kimoja cha soya. Ule mchanganyiko wa mahindi, soya na mtama wengine wanauita masoso. Uji uwe mzito, ukae juu ya kijiko, na ndani mtie kijiko cha mawese au karanga zilizosagwa. Soya ikaangwe au ichemshwe vizuri kabla ya kusagwa: mbichi inazuia tumbo kusaga protini, na mtoto atahara. Maharagi nayo yalale majini usiku, maji hayo yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu.

Tena jambo ambalo wababa hawapendi nilitaje. Kuku akichinjwa, paja na maini ni ya baba na wageni, watoto wanapata mchuzi na shingo. Katika nyumba fulani mama mwenye mimba anakatazwa yai. Katika nyumba ambayo nyama inaingia mara moja kwa mwezi, anayeikosa kwa hatari zaidi ni huyo mama na mtoto wa chini ya miaka mitano. Baba mzima anayekula maharagi hatavimba miguu.

Na mtoto apimwe kilo kila mwezi. Kasongo kwenu ni mahali ambapo waganga wa dunia wamejifunza mengi juu ya watoto: kuanzia miaka ya 1970 watu wa Projet Kasongo, pamoja na chuo cha Anvers, walipima watoto wetu na kuandika. Jicho la mama ni zuri, lakini mizani inaona mwezi mmoja kabla.

Karanga zinazoua

Kwa kifupi, kwa sababu tutarudi: karanga na mahindi yenye ukungu hayasafishwi kwa kuoshwa wala kwa kupikwa. Mwaka 2004, upande wa mashariki wa Kenya, mahindi yenye ukungu yaliwafanya watu 317 wawe wagonjwa, na 125 wakafa. Asiyekula nyama anakula karanga nyingi kuliko wengine, kwa hiyo hatari yake ni kubwa kuliko ya wengine. Kaushe zikiwa juu ya turubai, zipigwe kelele ndani ya ganda mkizitikisa, na zile zilizokunjamana au zenye rangi ya kijani zitupwe. Zisipewe kuku, zisitengenezewe unga wa mtoto.

Kile tutakachokata katika mkutano

Narudi kwa koperative sasa, maana hapa niko na deni. Msimu uliopita mimi ndiye niliyeshauri koperative mbili zipeleke karanga zote Salamabila, kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Bei ilikuwa nzuri kweli. Miezi mitatu baadaye wanamemba walikuwa wakinunua karanga zilezile, kwa bei mara mbili, kwa kikombe, au hawakununua kabisa. Nilihesabu faranga, sikuhesabu sufuria.

Kwa msimu huu napendekeza kila nyumba itoe kwanza akiba yake kabla ya mizani ya mnunuzi kufika. Nyumba ya watu sita, ikipika kilo moja tu ya maharagi au karanga kila siku mbili, inahitaji kilo 15 kwa mwezi, yaani kilo 90 kwa miezi sita. Hiyo ndiyo isiuzwe. Wengine watasema ni nyingi, deni la shule halingoji. Ni kweli, na kila mtu ajue nyumba yake. Lakini afadhali tubishane juu ya hesabu hiyo mbele ya gunia kuliko mbele ya gunia tupu. Mstari mmoja wa soya kati ya mihogo michanga, kabla haijafunika ardhi, unaweza kutoa sehemu ya kilo hizo bila kuongeza shamba.

Katika mkutano unaokuja, kila kikundi kilete kilo moja ya unga wa mihogo wa sokoni, beseni, na mkeka. Tutaweka alama, tutamimina maji, tutangoja saa mbili, na tutapika pamoja. Wamama wa kila kikundi walete pia majina ya mihogo wanayopanda, mitamu kando, michungu kando. Mimi nitaleta ndagala.